Motokaa za Mbio na Uzee wa Injini Zake

Jioni hii twapenda kunena nanyi juu ya motokaa za mbio, yaani zile zilizoundwa ziende kasi kupita haja ya safari za kila siku, na hasa juu ya injini zake zikiisha kuwa na umri mkubwa. Huenda mtu akauliza, Mwalimu wa chuo cha ualimu ana habari gani na mambo ya gereji? Jawabu letu ni kwamba tulitoa shauri baya, na shauri hilo lilimgharimu mtu wa nyumbani kwetu ng'ombe sita.

Shemeji yetu, ndugu mdogo wa mke wetu, akaa Nyasubi katika mji wa Kahama. Mwaka ule mpunga ulikuwa umestawi, naye alikuwa na tamaa ya motokaa tangu ujana wake. Akaonyeshwa moja iliyoletwa kutoka Japani kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam: fupi, ya kulala chini, injini ya lita mbili yenye tabo, umri wake miaka kumi na minane. Akaja kwetu kwa adabu, akasema, "Shemeji, ninyi ndio mliosoma. Twendeni mkanitazamie, nisije nikapotea." Tukaenda. Tukatazama rangi, tukakaa kitini, tukasikiliza mlio wake, tukasoma mita. Mita ilionyesha kilomita 61,000. Basi tukamwambia, kwa ushupavu wa mtu mwenye vyeti, "Chukua. Injini hii bado kijana." Siku ya mnada ng'ombe sita wakauzwa.

Hayo yalikuwa mwezi wa Machi. Mwezi wa Agosti, akirudi kutoka machimboni, aliona moshi wa samawati nyuma yake; hakuujali, kwa kuwa motokaa ilikuwa ingali ikivuta vema. Juma la pili ikaanza kugonga ndani kama mtu atwangaye kinuni, kisha ikasimama. Watu wa gereji husema injini imenoki. Shemeji akatupigia simu usiku, akatuarifu. Hakutulaumu, na kule kutolaumu kwake kulituuma kuliko lawama. Ndipo tulipoanza kujifunza. Haya tutakayoyasema, mengine tumeyapata vitabuni, na mengine katika gereji ya fundi aliyeifungua injini ile mbele ya macho yetu.

Kwanza tujue nguvu ya injini yatoka wapi. Yatoka katika hewa na petroli ziunguazo ndani ya silinda, na mtu akitaka nguvu zaidi, sharti aunguze zaidi katika dakika ile ile. Waundaji wana njia mbili kubwa za kupata hayo. Moja ni kuizungusha injini upesi zaidi. Ya pili ni kuisukumizia hewa kwa nguvu, na hiyo ndiyo kazi ya tabo, pangaboi dogo lizungushwalo na moshi utokao, nalo laweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika.

Sasa tazameni mateso ya pistoni. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni yapanda na kushuka mara 100 katika sekunde moja. Kila ifikapo juu husimama, ikageuzwa. Kila ifikapo chini husimama tena, ikageuzwa. Na mizunguko ikiongezwa mara mbili, nguvu inayohitajiwa kuirudisha pistoni haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Vijana wa shule waliokwisha kujifunza kipeo cha pili wataona sababu. Ndiyo maana injini ya lori, ambayo hujizungukia polepole, huweza kuvumilia uzembe ambao injini ya mbio haiwezi kuusamehe.

Walakini ndani ya injini iliyo nzima, katika maberingi, chuma hakigusi chuma. Katikati pana utando wa oili uliosukumwa na pampu, unene wake sehemu chache za elfu za milimeta. Unywele wa mtu ni mnene kuliko utando huo mara nyingi. Utando ukiwapo, na oili ikiwa safi, injini yaweza kukimbia mchana kutwa na kuchakaa kwake kukawa kudogo mno. Utando ukikosekana kwa dakika chache tu, basi. Hapa ndipo wengi wakosapo, hata sisi: hudhani mbio ndizo ziuazo.

Kwa ushahidi twende katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zenyewe wazee wanazijua: tope la kumeza magurudumu, mawe, vumbi, mito isiyo na daraja. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikarudi 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikarudi tena 7. Katika miaka yote miwili mmoja wa waliorudi alikuwa Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, fundi wa motokaa kabla hajawa dereva mwenye sifa. Alishiriki Safari mara 22, akamaliza 19.

Mwaka 1965 Joginder, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo ya namna ya PV544. Wala haikuwa mpya: ilikuwa imekwisha kutumiwa na kikosi cha kiwanda kabla hajaipata yeye. Injini yake iliitwa B18, ya lita 1.8, bloku yake ya chuma cha kusubu. Katika injini iliyotangulia ile, mhimili mkubwa ugeuzao msukumo wa pistoni kuwa mzunguko ulishikwa na maberingi matatu. Katika B18 waliuwekea matano. Mjenzi wa nyumba ataelewa mara moja: ni boriti ile ile iliyopewa nguzo tano badala ya tatu. Boriti haipindi, na utando wa oili haukatiki.

Injini ya jamii hiyo hiyo, B18, ilitiwa pia katika motokaa nzuri ya mbio iitwayo Volvo P1800S. Mmoja aliyeinunua, mwezi wa Juni mwaka 1966, alikuwa Irv Gordon, mwalimu wa shule katika jimbo la New York, Marekani. Aliiendesha kila siku, akaenda nayo kazini, akaenda nayo safari za mbali, miaka ikapita. Mwezi wa Septemba mwaka 2013, katika jimbo la Alaska, mita yake ilitimiza maili 3,000,000, ndizo kilomita kama 4,828,000. Duara ya dunia ni kilomita 40,000. Basi ni sawa na kuizunguka dunia mara 120. Injini ilifunguliwa kwa mara ya kwanza ilipokwisha kwenda maili 680,000. Bwana Gordon alifariki mwaka 2018, na motokaa ikabaki.

Tulipoisoma habari hiyo tulitaka kujua uganga wake. Haukuwapo. Alifuata kitabu cha kiwanda kama mtu afuatavyo katekisimu: oili ilibadilishwa kila maili 3,000 au 3,500, pamoja na chujio lake, bila kungoja iwe nyeusi, bila kungoja mwisho wa mwezi. Tena aliiendesha mbali, hata ikapata moto sawasawa, karibu kila siku ya maisha yake. Jambo hili la mwisho tulishikilieni, tutalirudia.

Tusifikiri kwamba kila injini ya mbio yaweza kufanya hivyo ikipata bwana mwaminifu. Nyingine zilizaliwa na udhaifu. Injini za Porsche 911 za lita 2.7, zilizotengenezwa katikati ya miaka ya 1970, zilikuwa na kiwiliwili cha magnesiamu, madini mepesi sana. Wembamba wa uzito ni jambo jema katika mashindano. Lakini joto lilipozidi, magnesiamu ililegea, na zile nondo zinazozishika silinda zikaanza kung'oka. Motokaa ya 911 SC, iliyotoka mwaka 1978, ilipewa kiwiliwili cha aluminiamu na injini ya lita tatu, nayo katika Safari ya mwaka ule ule ilipata nafasi ya pili, dereva wake Vic Preston mdogo. Kwa upande mwingine Datsun 240Z, iliyoshinda Safari miaka ya 1971 na 1973, ilikuwa na injini ya silinda sita kwa mstari mmoja, bloku ya chuma, na maberingi makubwa saba. Ilikuwa nzito. Lakini aliyeiunda aliipa nguvu ya kustahimili kuliko kazi aliyoituma, na ziada hiyo ndiyo akiba ambayo injini huila katika uzee wake.

Basi turudi Nyasubi. Bwana Gordon alikaa katika nchi ya lami. Sisi twakaa katika nchi ya vumbi.

Kila mkaaji wa Kahama ajua jinsi mambo yalivyo tangu Juni mpaka mvua za vuli. Malori hupita, karasha za wachimbaji husaga mawe mchana kutwa, na njia za kwenda machimboni hutoa wingu jekundu lisilotulia mpaka usiku. Vumbi hilo si udongo mtupu. Ndani yake mna chembe za lile jiwe jeupe ling'aalo kama kioo, liitwalo kwatzi, ambalo wachimbaji hulifuata kwa sababu dhahabu aghalabu hukaa katika mishipa yake. Kwatzi hukwaruza kioo, tena hukwaruza chuma cha silinda. Kwa hiyo jiwe lile lile limtajirishalo mtu shimoni laweza kumfilisi barabarani.

Na injini yala hewa nyingi kuliko mtu adhanivyo. Fanyeni hesabu hii. Injini ya lita mbili hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yavuta hewa lita 3,000 katika dakika hiyo, na katika saa moja lita 180,000. Chukueni pipa la lita 200, lijazeni hewa ya barabara ya machimboni. Injini imekwisha kunywa mapipa 900 kwa saa. Hayo ni bila tabo. Tabo ikianza kusukuma, huongezeka. Kati ya vumbi lile na silinda kuna mlinzi mmoja tu, chujio la hewa, na kutoka chujio mpaka injini kuna bomba la mpira.

Fundi alipokwisha kuishusha injini ya shemeji, alituita tukachungulie. Kuta za silinda, ambazo zilipaswa kuwa laini, zilikuwa na mikwaruzo myembamba iendayo juu na chini, mingi mno. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika. Alimimina oili iliyobaki, ikatoka kidogo, haikutosha kujaza chupa moja ya soda. Beringi moja ya mkono wa pistoni ilikuwa imeyeyuka na kugandamana. Sisi tukasema, "Kijana aliiendesha kwa fujo." Fundi akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Gari hili halikuuawa na mwendo. Limekula mchanga."

Kisha akaokota lile bomba la mpira, akalikunja mkononi. Upande wa chini, usioonekana mtu afunguapo boneti, palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Chujio lilikuwa jipya, safi kabisa, shemeji alilinunua mwenyewe. Lakini hewa haikuwa na haja ya kupita mlangoni wakati ukuta una tundu. Vumbi likaingia kwa miezi mitano. Likakwaruza silinda na ringi. Ringi zilipolika, oili ikapenya kupanda juu ya pistoni ikaungua, ndio ule moshi wa samawati. Oili ilipoungua ikapungua. Ilipopungua, pampu ikavuta upepo. Utando ukakatika, na beringi ikaungua kwa kukauka. Mambo matano, na chanzo chake ni bomba ambalo bei yake haifiki bei ya mbuzi.

Nasi, tuliokwenda kutazama, tulitazama nini? Tulitazama mita.

Hapo ndipo tulipofundishwa maana ya kilomita 61,000. Gawanyeni kwa miaka 18: hazifiki kilomita 3,400 kwa mwaka, ndizo tisa na kidogo kwa siku, safari ya kwenda sokoni na kurudi. Sisi tulizisoma kama sifa. Kumbe injini isiyokwenda ina maradhi yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yapata lita moja. Hili laweza kuwashangaza wengi, lakini ni kweli. Mengi ya maji hayo hutoka kwa mvuke nyuma ya motokaa, na machache hupenya yakaingia katika oili. Injini ikiendeshwa mbali mpaka ikapata moto vema, maji hayo hukauka. Ikizimwa baada ya kilomita nne, hubaki, yakachanganyika na asidi, yakala maberingi kimyakimya. Oili nayo, motokaa ikisimama kwa majuma, huteremka chini yote, na siku ya kuwashwa vyuma huanza kazi karibu vikavu.

Tena mpira hauhesabu kilomita, huhesabu miaka na joto. Hukauka, ukawa mgumu, ukapasuka, hata kama motokaa imefunikwa bandani. Ndivyo yalivyo mabomba, ndivyo zilivyo sili zizuiazo oili, ndivyo ulivyo mkanda wa taimingi katika injini zinazoutumia. Mkanda huo ukikatika njiani katika injini nyingi za mbio, valvu hugongwa na pistoni zikapinda, kwa maana mwundaji alizipitisha karibu sana ili apate nguvu. Motokaa ya miaka 18 yenye kilomita chache huweza kuwa na chuma cha kijana na mpira wa mzee, na mzee ndiye atakayeamua safari itaishia wapi.

Mtu aweza kutujibu kwa kutaja mashindano ya Safari ya motokaa za kale, yaliyoanza mwaka 2003, yakipita Kenya na Tanzania. Humo twaona Porsche 911 na Ford Escort za miaka ya 1970 zikipiga mbio maelfu ya kilomita. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, mwenye umri wa miaka 68, akiendesha Porsche 911. Naye aliwahi kushinda Safari yenyewe mwaka 1977. Ni kweli, na tulifurahi kuisoma habari ya mzee yule. Lakini injini za mashindano hayo hufunguliwa na kujengwa upya kabla ya kuja, zikapewa beringi mpya, sili mpya, mipira mipya. Umri wa miaka arobaini ni wa jina na umbo. Sehemu zichakaazo ni za juzi. Anayeona Porsche ile ikipita kwa kishindo na kudhani kwamba nyuma ya nyumba yake ana ya namna hiyo, amedanganyika kama tulivyodanganyika sisi.

Kwa wale ambao wamekwisha nunua, au watoto wao wamekwisha nunua, twaeleza tulivyoambiwa na fundi. Vuta kijiti cha oili kila juma, motokaa ikiwa imesimama mahali sawa. Katika miezi ya vumbi badilisha oili mapema kuliko kitabu kisemavyo. Pita kwa vidole bomba lote la hewa, chini na juu, ukilikunja, jicho halitoshi. Asubuhi usiikimbize injini kabla haijapata moto, na jioni ukiwa umetoka mbio usiizime papo hapo, bali iache izunguke polepole dakika moja au mbili, kwa maana tabo iliyo moto huipika oili iliyosimama ndani yake mpaka ikawa masizi. Kuna vijana waondoao kasha la chujio ili wasikie mlio wa hewa ikivutwa. Mlio huo huo ndio wa mapipa 900.

Injini ya shemeji ilichongwa silinda, ikatiwa pistoni na ringi za kipimo kikubwa zaidi, na mhimili ukasagwa upya. Gharama ilikula ng'ombe wengine wawili. Mmoja tulimtoa sisi, wala hatukuombwa. Sasa motokaa inakwenda. Kila Jumamosi yeye hufungua boneti mbele ya nyumba yake pale Nyasubi, akapapasa bomba la mpira kwa vidole, na watoto wa jirani humzunguka wakitazama.

Juma lililopita alitupigia simu. Baada ya kuulizana hali, alitaka kujua kama motokaa yetu wenyewe, ambayo ni kuukuu kuliko yake, tumekwisha kulipapasa bomba lake. Hatukuwa tumelipapasa. Tulitoka na taa usiku ule ule.